Likizo ya Familia ya Mlezi: Kwa Nini Imo Katika Makisio ya Vijana



Tangu tulipotuma makisio ya mwaka, swali moja limerudi kwetu kutoka kamati zaidi ya moja, na mfadhili mmoja ameliuliza kwa barua. Katika makisio ya huduma ya vijana kuna kifungu kinachoitwa "likizo ya familia ya mlezi". Kamati moja ilikikata kwa kalamu nyekundu na kuandika pembeni kwamba hela ya vijana itumike kwa vijana. Hatukukasirika. Swali ni la haki, na jibu lake linagusa namna kazi hii inavyofanyika huku Kilwa na katika mwambao wote wa Lindi, hivyo tumeona tulijibu kwa kirefu.

Likizo ya huku kwetu

Tuanze na neno lenyewe, maana huenda baadhi ya wasomaji wetu wakisikia likizo ya familia wanafikiria hoteli ya ufukweni. Huku kwetu likizo ni nauli. Ni kusubiri basi Nangurukuru, kwenda kumwona bibi Liwale au Nachingwea, au kuvuka Rufiji kwenda kwa ndugu Dar es Salaam, kukaa siku kumi, na kurudi na kiroba cha mihogo mikavu. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, safari ya Dar es Salaam ilimaanisha kusubiri kivuko, na wakati wa masika wengi waliona afadhali kubaki nyumbani. Hata sasa barabara hiyo haiaminiki kila mwaka. Mwezi Mei 2024 mvua na kimbunga Hidaya viliikata katika eneo la Somanga, na wasafiri wakakwama.

Kwa watoto wa shule likizo ndefu ni mbili, ya Juni na ya Desemba. Angalieni mambo yanayoangukia hapo hapo. Juni ni majira ya kuuza ufuta, na kuelekea Desemba ni korosho. Fedha ikiingia vijijini, ngoma nazo zinaingia. Jando na unyago hupangwa wakati wa likizo ili watoto wasikose masomo, na jambo hilo kwa upande mmoja ni la busara. Hatusemi kwamba mila hizi zote ni mbaya; humo mtoto hufundishwa usafi, adabu na heshima kwa wakubwa, na wengi wetu tuliopita humo hatujutii. Tatizo ni pale binti wa miaka 11 au 12 anapotoka kwa kungwi ameambiwa kuwa sasa ni mtu mzima, na nje wapo wanaume wanaomsubiri kwa maana hiyo hiyo. Usiku kuna vigodoro, muziki mpaka alfajiri, na hakuna anayeuliza mtoto wa nani yuko wapi.

Wakati huo huo yale yanayomshika mtoto yamefungwa. Vikundi vya UKWATA na TYCS vinakutana shuleni, na shule ikifungwa navyo vimefungwa. Mwalimu wa nidhamu amekwenda kwao. Mtoto wa darasa la saba humaliza mtihani wake Septemba na kukaa hadi Januari bila shughuli. Wa kidato cha nne akimaliza Novemba, hata akifaulu, huenda akasubiri mpaka Julai ndipo aanze kidato cha tano. Hiyo ni miezi mingi sana kwa mtu wa miaka 17 asiye na shamba wala mtumbwi wake.

Vijana tunaowazungumzia

Katika vikao huwa wanaitwa "vijana walioshindikana". Tunaomba jina hilo lisitumike. Wengi wao tunawafahamu tangu wakiwa Shule ya Jumapili. Yumo kijana aliyepangishiwa chumba karibu na sekondari ya kata kwa sababu kwao ni mbali, akajipikia, akajilea mwenyewe tangu kidato cha kwanza, na geto lake likawa la kila mtu. Yumo aliyeacha daftari akaenda kukokota juya, akaona kwamba samaki wa asubuhi moja wanampa kilichomshinda baba yake kwa wiki. Na miongoni mwa hao wapo waliofundishwa kutega baruti, ambayo inaua matumbawe na imekata mikono ya watu. Yumo binti aliyejifungua. Tangu Novemba 2021 Serikali imeruhusu wasichana waliokatisha masomo kwa sababu ya ujauzito warudi katika shule za kawaida, lakini ruhusa hiyo haimlei mtoto mchanga wala haimnyamazishi shangazi anayemcheka. Lazima awepo mtu wa kumsindikiza mpaka kwa mkuu wa shule, na mara nyingi mtu huyo ni mlezi wetu, tena Januari, likizo inapoisha.

Kwa hiyo mlezi wa vijana huku pwani ana kazi nyingi kuliko kawaida katika miezi miwili ambayo watu wengine wanapumzika. Hili halikuanza na sisi.

Walivyofanya Masasi

Jirani zetu wa Masasi, ambayo leo iko Mkoa wa Mtwara, walilikabili jambo hili karibu miaka 100 iliyopita. Vincent Lucas wa misheni ya UMCA, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Anglikana ya Masasi kuanzia mwaka 1926, aliona kwamba kuwakataza Wakristo jando hakufai kitu, kwa sababu vijana watakwenda tu na Kanisa litabaki nje. Yeye pamoja na makasisi na walimu Waafrika wa dayosisi hiyo wakaendesha jando la Kikristo, lenye sala, mafundisho ya dini na uangalizi wa tiba. Si Wakristo wote waliokubaliana nalo, na kwa upande wa wasichana kazi ilikuwa ngumu zaidi. Lakini walielewa jambo moja ambalo sisi tumelipokea kwao: majira ambayo mtoto anavuka kuwa mtu mzima hayamngoji padre arudi kutoka mapumzikoni. Ama Kanisa lipo siku hizo, ama halipo.

Kuna upande mwingine wa habari hii ambao hatukuufikiria mapema. Jando halikuwa kazi ya mtu mmoja. Kumbini walikuwako wazee, walezi, wapishi, na kijiji kizima kilijua nani anabeba nini. Sisi tuliichukua kazi hiyo hiyo tukamtwisha katekista mmoja mwenye baiskeli.

Tulipokosea

Mlezi mmoja, ambaye kwa ridhaa yake tunaeleza habari zake bila kumtaja, alifanya kazi hii kwa miaka kadhaa bila kukosa kambi hata moja. Kila Juni na kila Desemba alikuwa na vijana wa watu. Watoto wake hawakuwahi kusafiri naye. Mama yao aliwapeleka kwa bibi yao peke yake, na miaka mingine hawakwenda kwa kuwa posho ilichelewa. Tulimsifu katika mikutano. Kisha siku moja, katika orodha ya vijana waliokamatwa usiku kwenye ngoma, tulikuta jina la mtoto wake wa kwanza.

Mlezi hakutulaumu. Alieleza tu kwamba kijana wake alimwuliza afanye kosa gani ndipo naye apelekwe kambini.

Tulijaribu kurekebisha kwa njia ya mkato, tukaagiza walezi waje kambini na familia zao. Ilionekana ni jibu zuri na la gharama ndogo. Kumbe mke wa mlezi akawa mpishi wa watu 40, mabinti zake wakachota maji, na vijana wake wa kiume wakawa wasaidizi wa kusimamia foleni ya chakula. Walirudi nyumbani wamechoka kuliko walivyokuja. Hatukuirudia tena.

Utaratibu wa sasa

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka, yenye malipo. Baadhi ya walezi wetu wameajiriwa na wengine wanajitolea kwa posho, na kwa hao wa posho sheria hiyo hatuwezi kujificha nyuma yake wala kuitumia kuwanyima. Tumeamua wote watendewe sawa. Mlezi anayeshika kambi ya Juni hapangiwi kazi Desemba, na wa Desemba hapangiwi Juni, ili kila familia ipate angalau likizo moja ndefu pamoja na watoto wao wakiwa wamefunga shule. Kuwapa likizo Machi, kama kamati moja ilivyopendekeza, ni kuwapa mapumziko wakati watoto wao wako darasani.

Utaratibu huu unahitaji walezi wawili kila mahali penye mmoja, na hapo ndipo gharama ilipo. Kifungu kilichokatwa kwa kalamu nyekundu ni nauli ya familia ya kwenda na kurudi, pamoja na posho ya anayeshika zamu. Hakuna hoteli humo.

Wapo wanaotukumbusha Injili ya Marko sura ya 6, kwamba mitume walipokwenda kupumzika umati uliwatangulia ng'ambo, na Bwana akawahurumia akaanza kuwafundisha. Ni kweli. Ila hao mitume walikuwa wamekosa hata nafasi ya kula, na aliyewaita wapande chombo waende mahali pa faragha ni Bwana mwenyewe. Umati ulikuja bila kupangwa. Sisi tumekuwa tukiupanga.

Siku ya Kisiwani

Tumebakiza siku moja tu ambayo familia ya mlezi na vijana wanakuwa pamoja. Wanavuka kutoka Kilwa Masoko kwenda Kilwa Kisiwani, baada ya kuchukua kibali upande wa bara, na kutembelea Msikiti Mkuu, Gereza na Husuni Kubwa. Magofu hayo yamo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 1981, na bado wapo vijana wa Masoko wenyewe ambao hawajawahi kuvuka. Mlezi huwaeleza kwamba msafiri Ibn Battuta alifika hapa mwaka 1331, wakati dhahabu ya Sofala ikipita katika bandari hii.

Safari moja alikuwemo kijana wa juya, aliyetushinda kwa ukimya. Ilikuwa Juni, kusi inavuma. Katikati ya maji watoto wa mlezi waliuliza kwa nini nahodha anabisha badala ya kwenda moja kwa moja, na mlezi, ambaye kwao ni bara, hakuwa na jibu. Kijana yule akaanza kueleza, na hakunyamaza mpaka tulipotia nanga. Huko kisiwani mlezi na mkewe walibishana nani aliyesahau dumu la maji kwenye mashua. Walirushiana maneno kidogo, mke akacheka, yakaisha. Kijana aliwatazama muda wote. Jioni alimwuliza mlezi kama na nyumbani huwa wanamaliza hivyo hivyo.

Tungeweza kufundisha semina ya siku tatu kuhusu ndoa ya Kikristo na swali hilo lisiulizwe. Hata hivyo tunasisitiza kwamba siku ya Kisiwani huhesabiwa kuwa siku ya kazi. Haitolewi katika zile 28.

Wakazi wengi wa Kilwa ni Waislamu, na baadhi ya vijana wanaoletwa kwetu ni watoto wa Kiislamu. Mzazi huelezwa mapema kuhusu sala zetu, mtoto wake halazimishwi kuhudhuria, na Ijumaa anakwenda msikitini. Mfadhili mmoja aliuliza uinjilisti uko wapi hapo. Tulimjibu kwamba mzazi aliyemkabidhi mtoto wake kwetu ametuamini, na kumgeuza mtoto wake kwa siri ni wizi. Aidha, hakuna kijana anayelala nyumbani kwa mlezi, na katika kila safari wawepo watu wazima wawili au zaidi, mmoja wao mwanamke.

Tunachoomba

Makisio yaliyokatwa tumeyarudisha kwa kamati zilizohusika yakiwa na maelezo haya. Kamati isiyo na uwezo wa mlezi wa pili inaweza kushirikiana na parokia jirani kwa zamu, mradi iandikwe nani anashika lini. Kwa upande wa wafadhili, michango ya mahema na mipira tunaishukuru sana, na mahema tuliyo nayo yanatosha. Tunaomba mwaka huu mchango uelekezwe kwenye posho za zamu, hata kama posho haina picha nzuri ya kutuma.

Majina ya walezi wa zamu ya Desemba yatufikie kabla ya mwisho wa Oktoba, na parokia za barabara ya Liwale ziwahi zaidi kwa sababu ya mvua. Fomu ya ridhaa ya mzazi imo ndani ya jarida hili. Ipigwe fotokopi za kutosha, na kila mzazi asomewe kabla ya kutia sahihi au dole gumba.