JE, TABLETI NA SIMU ZATOSHA KAZI YA OFISI?



Swali hili limetufikia kutoka matawi ya upande wa Mbarara. Wengine wanataka kompyuta ya mapajani ya tawi iuzwe, fedha zinunue tableti mbili. Wanasema siku hizi simu hufanya kila kitu.

Tableti, ambayo ndugu zetu wa Tanzania huiita kishikwambi, si chombo cha mchezo. Tanzania ilihesabu watu kwa vishikwambi Agosti 2022, na Uganda ikafanya hivyo Mei 2024. Karani alipita nyumba kwa nyumba, akauliza, akagusa kioo, majibu yakaenda makao makuu. Lakini hesabu ya taifa zima haikupangwa juu ya kioo kile. Ilipangwa kwenye kompyuta. Basi kukusanya ni kazi moja, na kupanga ni kazi nyingine.

Kwa kukusanya, simu inashinda. Aishiye Nakivale, iwe Juru au Rubondo, anaijua shida ya umeme. Simu hula wati chache, na sola ndogo juu ya bati huijaza. Kompyuta hudai wati 45 au 65. Mjumbe anayeandikisha wanachama, anayepokea ada kwa simu au kupiga picha barua ya kufukuzwa kazi, hana haja ya kompyuta. Kuipandisha bodaboda katika vumbi lile ni kuiua tu.

Ofisini mambo hugeuka. Fungua kwenye simu orodha ya wafanyakazi 200 yenye mshahara, saa za ziada, kodi na makato. Utaona safu tatu. Ukisogeza kidole jina linapotea, na makato ya mtu yanaangukia jirani yake. Tena fomu za Excel zenye amri za kujihakiki ndani yake, amri hizo hazifanyi kazi kwenye simu. Na ukiinunulia tableti kibodi, kipanya na kioo kikubwa, ndugu, umekwisha nunua kompyuta kwa bei ya juu.

Tutazame akiba ya NSSF. Mwajiri hukata asilimia 5 ya mshahara wako na kuongeza asilimia 10 yake. Tangu sheria ibadilishwe 2022, hata mwenye mfanyakazi mmoja anahusika. Anayelipwa shilingi 300,000 aone 45,000 zikiingia kila mwezi, na simu yake yatosha kumwonyesha. Lakini watu 80 wakikosa miezi sita, deni ni shilingi 21,600,000. Hapo panahitajika majina, namba na miezi katika jedwali moja lililochapwa. Katika kiwanda kimoja wenzetu walipeleka mezani picha za simu, kila moja na tarehe yake, na mwajiri akasema hazisomeki. Waliporudi na kurasa mbili za jedwali, mazungumzo yakaanza.

Jambo jingine: rejesta ikikaa ndani ya simu ya katibu, siku simu inapoibiwa tawi halina wanachama.

Kwa hiyo tawi lisiuze kompyuta yake. Lisilo nayo litafute moja iliyotumika, inakiliwe kila mwezi na nakala ikae kwa mweka hazina. Wajumbe waendelee na simu zao, ila bando lilipwe na tawi. Tangu Julai 2021 bando lina kodi ya asilimia 12, na si haki mjumbe aibebe peke yake.