Kimputu: mdudu wa sakafu ya udongo na homa inayorudi-rudi

Homa inapiga siku tatu hivi. Kichwa kinauma, mgongo unauma, mgonjwa anatetemeka na kutapika. Nyumbani wanamnunulia dawa ya malaria, na siku ya nne homa inashuka. Wote wanasema: dawa imefanya kazi. Kiisha, wiki moja hivi ikipita, homa inarudi, kali sawa ile ya kwanza. Wananunua dawa tena. Homa inashuka tena, na inarudi tena. Pesa inaisha, na mgonjwa anabaki mifupa.

Katika Kasongo na Kabambare, kusini mwa Maniema, malaria ndiyo homa ya kwanza kufikiriwa. Ni haki, juu inaua watoto wengi. Lakini kuna homa nyingine yenye tabia hii ya kwenda na kurudi, na anayeileta hatoki kwenye maji yaliyosimama. Anaishi ndani ya nyumba, chini ya mkeka. Jina lake kimputu. Upande wa Tanzania wanamwita papasi. Historia ya homa yake inapita Kasongo kabisa: mmoja wa waganga walioonyesha njia yake alifia hapa tarehe 27 Februari 1905.

Si mbu, si kunguni

Kimputu ni aina ya kupe. Ana miguu minane, kwa hiyo ukoo wake ni wa buibui kuliko wa mbu au nzi. Ngozi yake ni ya kijivu au ya udongo, ina mikunjo sawa ngozi ya mfuko wa zamani. Mdomo wake uko chini ya mwili, ukimtazama kutoka juu hauoni kitu. Akiwa na njaa ni bapa. Akishiba anavimba kama punje ya haragi.

Kupe wa ng'ombe na mbwa anajishika kwenye ngozi siku nyingi. Kimputu hafanyi hivyo. Mchana amejificha kwenye nyufa za ukuta wa potopoto, kwenye vumbi la sakafu, karibu na mafiga, chini ya mikeka. Usiku, watu wakilala, anatoka. Anakunywa damu nusu saa au pungufu, kiisha anarudi kwenye ufa wake. Asubuhi mtu anakuta alama tu, na anadhani ni kunguni au mbu.

Tena ana uvumilivu wa ajabu. Anaweza kukaa miaka bila kula, akingoja mtu arudi. Hili ni jambo kubwa kwa sehemu kama Kabambare, ambako familia nyingi zimekimbia vita, zimeacha nyumba, kiisha zimerudi. Nyumba inaonekana tupu, kumbe ina wakaaji wenye njaa. Hata mchimba dhahabu anayelala chini katika kibanda alichoacha mwingine anaweza kuwa chakula chao cha kwanza baada ya muda mrefu.

Waganga wawili na nyani

Wenyeji walijua zamani kwamba mdudu huyu analeta ugonjwa. Mwaka 1857 David Livingstone aliandika katika kitabu cha safari zake juu ya kupe wa aina hii aliyekutana nao Angola, na maumivu na homa vinavyofuata wakimuuma mtu. Ni Livingstone yule yule aliyekaa miezi mingi Kabambare kati ya 1869 na 1871, akisumbuliwa na vidonda vya miguu, na aliyefika Nyangwe, kando ya Lualaba.

Lakini kujua kwamba mdudu anauma na mtu anaugua si sawa na kuonyesha namna gani. Kazi hiyo iliwangoja Joseph Everett Dutton, Mwingereza, na John Todd, Mkanada. Walifika Kongo mwaka 1903, wametumwa na chuo cha magonjwa ya joto cha Liverpool kuchunguza malale. Dutton alikuwa ameshapata jina: mwaka 1901, huko Gambia, alitambua katika damu ya mgonjwa mdudu mdogo sana anayeleta malale, ugonjwa ambao watu wa Maniema wanaujua vizuri.

Mwaka 1904 walikuwa Stanley Falls, Kisangani ya leo. Huko walichukua kimputu, wakawaacha wanyonye damu ya nyani. Nyani wakapata homa, na katika damu yao vikaonekana vijidudu vyembamba, vimejizungusha kama waya wa springi. Wakaendelea mbele: walichukua mayai ya kimputu wenye ugonjwa, wakangoja watoto watoke. Hao watoto, ambao hawajawahi kumuuma mgonjwa yeyote, nao waliambukiza. Maana yake mama anaupitisha ugonjwa kwa uzao wake. Basi nyumba inaweza kubaki na homa hata kama mgonjwa wa kwanza ameondoka zamani.

Mwishoni mwa mwaka huo huo Uganda, Philip Ross na Milne nao walionyesha kwamba kupe huyu ndiye analeta homa. Lakini Dutton na Todd walilipa bei yao: wote wawili waliugua homa waliyokuwa wanaichunguza. Todd alipona. Dutton, baada ya kupanda Lualaba hadi Kasongo, alifariki hapo akiwa na miaka 30. Mwaka 1906 kijidudu kile kikapewa jina lake: *Borrelia duttonii*, kama kinavyoandikwa leo.

Juu ya nini inarudi?

Mwili unapigana na kijidudu, unajifunza kukijua na kukiua. Homa inashuka. Lakini wachache wamebadilisha ngozi yao ya nje, mwili hauwatambui. Wanazaana tena, na homa inapanda. Ndiyo maana homa hushuka hata bila dawa, na dawa ya malaria inapata sifa isiyo yake.

Hapo ndipo penye hatari, zaidi kwa mama mwenye mimba. Homa hii inaweza kutoa mimba, na inaweza kuua mtoto mchanga siku chache baada ya kuzaliwa.

Kwenye kituo cha afya

Kipimo cha haraka cha malaria kinatafuta malaria peke yake. Kikisema hapana, hakijasema mgonjwa hana kitu. Njia ya kawaida ya kukiona kijidudu cha kimputu ni tone la damu juu ya kioo, litazamwe kwa mikroskopu, sawa wanavyotafuta malaria. Lakini wakati una maana: vijidudu vinaonekana vizuri homa ikiwa juu. Mtu akingoja homa ishuke ndipo aende, mara nyingi hawaonekani.

Tena mgonjwa anaweza kuwa na malaria na homa ya kimputu pamoja. Kwa hiyo inasaidia kumweleza infirmie mambo matatu: homa imerudi mara ngapi, ilipumzika siku ngapi, na mgonjwa analala wapi. Hilo la mwisho wengi wanalisahau.

Dawa yake ipo, ni antibiotiki. Lakini si ya kununua sokoni kwa kubahatisha. Kuna zisizofaa kwa mama mwenye mimba na watoto wadogo. Pia saa chache baada ya dozi ya kwanza homa inaweza kupanda kwa nguvu na mwili kutetemeka, ndiyo maana inafaa mgonjwa abaki chini ya macho ya infirmie.

Nyumbani

Kimputu anapenda udongo, nyufa na mtu anayelala chini. Kumnyima hayo ni kumfukuza. Ufa wa ukuta uzibwe, ukuta upakwe upya, sakafu ikandikwe ikawa ngumu. Mwenye uwezo aweke simenti. Kitanda kiinuke kutoka chini, kisiguse ukuta, na chandarua kiingizwe vizuri chini ya godoro au mkeka. Mikeka na mizigo iliyotoka nyumba nyingine ikung'utwe nje, juani, kabla ya kuingia, juu kimputu anasafiri ndani yake. Na familia inayorudi kwenye nyumba iliyokaa tupu ianze na sakafu na kuta, kabla ya kutandika mkeka wa watoto.