Mkasi Usiwe Siri

Katika miji yetu ni nadra kupita mtaa usio na baraza lenye cherehani. Fundi yuko kazini, miguu juu ya kanyagio, na kando yake mwanafunzi anakunja mapindo au anashona vifungo. Hiyo ndiyo shule ya ushonaji waliyopitia wengi, nayo imewavisha wananchi kwa miaka mingi. Hata hivyo, shule hiyo ina kasoro ambayo yafaa tuizungumze waziwazi.

Kasoro yenyewe ni mkasi. Mwanafunzi hufundishwa mapema kuendesha cherehani, kutia matundu ya vifungo na kufumua alipokosea. Lakini kukata, ambako ndiko huamua kama nguo itamkaa mtu sawasawa au itambana kwapani, mara nyingi hufichwa. Fundi huhofia mambo mawili. Kwanza, kitambaa ni mali ya mteja: mshono mbaya hufumuliwa, bali kitambaa kilichokatwa vibaya hakirudi. Pili, mwanafunzi ajuaye kukata aweza kesho kufungua baraza lake ng'ambo ya barabara.

Hofu ya kwanza ni ya haki, nayo ina dawa ya siku nyingi. Mwaka 1863, Ebenezer Butterick, fundi nguo wa Massachusetts, Marekani, alianza kuuza violezo vya karatasi vya saizi mbalimbali. Mtu aliweza kulaza karatasi juu ya kitambaa, kuifuatisha, kisha akakata bila wasiwasi mwingi. Yaliyokuwa siri ya fundi yakaingia nyumbani kwa watu.

Hofu ya pili twaona haina msingi imara. Anayempunguzia fundi wateja si mwanafunzi wake, bali ni nguo iliyokwisha shonwa, ya dukani na ya mitumba. Kushindana nayo peke yake hawezi. Kidole kimoja hakivunji chawa. Siku hizi wapenzi wa ushonaji hutumiana vipimo na picha za mishono kwa simu, na aliyekwama kwenye kola huelekezwa na mtu asiyepata kumwona. Ikiwa wageni husaidiana hivyo, majirani wa baraza moja washindweje?

Kwa hiyo twatoa wito kwa mafundi wakongwe wakutane, japo mara moja kwa mwezi, wawafundishe vijana kupima na kukata kwenye karatasi. Nao wazazi wanaolipia mafunzo ya watoto wao waulize tangu siku ya kwanza: mtoto atashika mkasi lini? Gharama si kubwa. Gazeti la jana, hili letu likiwamo, latosha kwa kiolezo cha kwanza.

Fundi akifa bila kumrithisha mtu ujuzi wake, cherehani itapata mnunuzi, lakini aliyoyajua yatazikwa pamoja naye.