Daktari wa Usingizi na Elimu Yake Mpya

Ni chache nyumba zetu ambazo hazijapata kumtoa mgonjwa akaenda kupasuliwa. Mama aliyeshindwa kuzaa kwa njia ya kawaida, kijana aliyevunjika mguu, mzee mwenye ngiri: wote hupita mlango mmoja. Na tukisharudi nyumbani twamtaja daktari mpasuaji, twamshukuru na kumwombea heri. Ama yule aliyemtia mgonjwa nusu kaputi, hata jina lake hatulijui. Twaonelea leo tueleze kazi ya mtu huyo, na elimu anayotakiwa kuwa nayo siku hizi, kwani ndani yake mna jambo linalohusu uhai wa jamaa zetu.

Tarehe 16 Oktoba 1846, katika mji wa Boston, Marekani, William Morton alimvutisha mgonjwa mvuke wa itha mbele ya madaktari, naye akapasuliwa pasipo kupiga kelele. Mwaka uliofuata James Young Simpson wa Edinburgh akaanza kuwapa klorofomu wanawake wenye uchungu wa uzazi. Tangu hapo watu wengi walidhani kuwa mtaalamu wa usingizi ana kazi mbili tu: kumlaza mgonjwa na kumwamsha.

Dhana hiyo ilipasuka mwaka 1952. Maradhi ya polio yaliingia Copenhagen, Denmark, na wagonjwa wakawa wanakufa kwa kushindwa kuvuta pumzi. Daktari wa usingizi, Bjørn Ibsen, alishauri watiwe mpira kooni na kusukumiwa hewa kama wafanyiwavyo watu waliolazwa kwa dawa. Wanafunzi wa udaktari wakakaa kwa zamu, usiku na mchana, wakiminya mifuko ya hewa kwa mikono. Watu wengi waliokuwa wafe wakapona, na hapo ndipo wodi za wagonjwa mahututi zilipopata asili yake.

Elimu mpya tunayoitaja imekwenda mbele zaidi. Ni elimu ya kumtunza mgonjwa kabla ya kupasuliwa, wakati anapopasuliwa, na baada yake mpaka arudi kwake. Katika miaka ya 1990 mpasuaji wa Kidenmark, Henrik Kehlet, alionyesha kuwa mgonjwa anayetulizwa maumivu vizuri, akalishwa mapema na kuinuliwa kitandani mapema, hupona upesi. Mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Usingizi cha Uingereza kilitoa mpango wa kuieneza elimu hii, na katika mtaala wake wa mwaka 2021 imewekwa kuwa sehemu ya mafunzo ya kila daktari anayesomea fani hiyo.

Huenda msomaji akauliza: wafundishwa nini hasa? Wafundishwa kuupima moyo, mapafu na nguvu za mgonjwa siku nyingi kabla. Kuongeza damu iliyopungua. Kutengeneza kisukari na presha. Kuwatazama wazee kwa jicho la pekee. Na kuyatambua mapema madhara yanayozuka wodini. Tena wafundishwa kukaa na mgonjwa na jamaa zake na kuwaeleza wazi faida na hatari za upasuaji, ili waamue kwa kujua. Mdharau mwiba mguu huota tende, na upungufu mdogo wa damu uliodharauliwa leo waweza kuwa msiba kesho.

Haya si mambo ya Ulaya peke yake. Mwaka 2018 ulitolewa uchunguzi uliofanywa katika nchi 25 za Afrika, juu ya wagonjwa zaidi ya 11,000. Ulionekana kuwa katika kila wagonjwa 100 waliopasuliwa walikufa wawili hivi, mara mbili ya wastani wa ulimwengu, ingawa wengi wao walikuwa vijana wenye afya kuliko wagonjwa wa kwingine. La kuzingatiwa zaidi ni hili: vifo vingi mno, zaidi ya 9 katika kila 10, havikutokea siku ya upasuaji bali siku zilizofuata. Basi hatari kubwa humngoja mgonjwa wodini, wakati sisi jamaa zake tumekwisha kupeana pongezi.

Dawa ya jambo hili si kumtazama mgonjwa mara nyingi tu. Mwaka 2021 ulitolewa uchunguzi mwingine wa bara letu, ambao katika baadhi ya hospitali wauguzi walitakiwa kuwaangalia zaidi wagonjwa walio hatarini, vifo havikupungua. Twafahamu kutokana na hayo kuwa jicho halitoshi pasipo watu wa kutosha, wenye elimu na vifaa. Vyuo vikuu vya Muhimbili, Nairobi na Makerere huwafundisha madaktari bingwa wa usingizi, lakini katika hospitali nyingi kazi hii huwa mikononi mwa wauguzi na matabibu waliofunzwa. Yafaa nao wapewe elimu hii, wasiachwe nyuma.

Faida ya utaratibu mzuri imekwisha kuonekana hapa kwetu. Orodha ya Shirika la Afya Duniani yenye mambo 19 ya kuhakikishwa katika kila upasuaji ilijaribiwa katika miji minane ya ulimwengu, Ifakara ya Tanganyika ya zamani ikiwa mmojawapo. Matokeo yake yalitolewa mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka 1.5 hadi 0.8 katika kila wagonjwa 100.

Nasi wa majumbani tuna sehemu yetu. Mgonjwa amweleze daktari wa usingizi kila dawa anayotumia, hata mitishamba, wala asifiche sigara. Akiwa katika saumu ya Ramadhani, na aseme. Saa alizokatazwa kula azishike, na jamaa wasimletee uji kwa huruma, kwani chakula kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni akiwa usingizini. Na baada ya upasuaji, wakiona anahema kwa shida, anaweweseka au anatoka damu, wamwite muuguzi papo hapo, wasingoje asubuhi wala wasione haya.

Nanyi vijana mnaosoma sayansi, msiidharau kazi hii kwa kuwa mwenye kuifanya hatajwi. Kuna roho nyingi zinazomngoja.