Kusajiliwa Si Kupokewa

Chuo ni neno tulilolizoea hapa Visiwani tangu utotoni. Kabla mtoto wetu hajakisikia chuo kikuu, huwa amekwisha kaa juu ya mkeka wa chuoni na juzuu yake mbele yake. Pale kila mmoja husoma mahali alipofika: huyu bado yumo katika alifu kwa ujiti, yule amekaribia kukhitimu, na aliyetangulia humsomesha anayefuata. Hakuna anayeambiwa kuwa mkeka ule si wake.

Twauliza basi: je, kijana anayeingia leo katika idara ya sayansi ya chuo kikuu huupata mkeka wa namna hiyo?

Binti wa Micheweni anapovuka bahari kwenda kusomea kemia, huenda hajapata kushika chombo cha maabara ila mara chache. Akiuliza swali kwa Kiingereza cha kukwama, wenziwe wakacheka na mwalimu akanyamaza, hanyanyui mkono tena. Jina lake limo daftarini, mwenyewe hayumo darasani. Na ndugu yake anayetembelea magongo, maabara ikiwa ghorofani pasipo njia ya kumpandisha, huyo amefungiwa mlango kabla hajaufikia.

Historia yetu inatufunza. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka vijana wafanye kazi kwanza, ndipo waingie Chuo Kikuu. Nia ilikuwa njema, kumkurubisha msomi na mkulima na mfanyakazi. Lakini masharti yaliyokuwa sawa kwa wote hayakuwa na uzito sawa kwa wote. Wasichana walizidi kupungua, na mwaka 1976 wakaruhusiwa kuingia moja kwa moja. Kuisahihisha kanuni si kuisaliti shabaha yake. Vivyo hivyo, katika miaka ya 1990, Kitivo cha Sayansi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kiliwawekea wasichana mafunzo ya awali kabla ya kuanza masomo.

Wako wasemao kuwa huku ni kuishusha sayansi. Wazee walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Tutazame kilimo cha mwani, kilichoanza kibiashara pwani ya mashariki ya Unguja mwaka 1989, na ambacho wengi wa wakulima wake ni wanawake. Maji yalipozidi joto, mwani wa kotonii, ule wenye bei nzuri, ulikuwa ukigeuka mweupe na kukatika. Dawa mojawapo ni kulima kwenye kina kirefu zaidi. Lakini wengi wa akina mama hawajui kuogelea wala hawana vyombo. Dakta Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari, iliyoanzishwa hapa Zanzibar mwaka 1978, aliifanyia utafiti njia ya nyavu za mirija pamoja na wakulima wenyewe. Bila ya kuwasikiliza waliosimama majini bamvua kwa bamvua, mtaalamu angalijibu swali lisiloulizwa. Mtoto wa mama yule akiingia idarani, huingia na nusu ya utafiti kichwani mwake. Akinyamazishwa, hasara ni ya taifa zima.

Kwa hiyo twawaomba viongozi wa elimu mambo matatu. Kwanza, kila idara ihesabu waliohitimu na walioacha njiani, si walioandikishwa tu, na iulize sababu. Pili, mwaka wa kwanza uwe na mafunzo ya kujaziliza, na mwalimu asione haya kufafanua kwa Kiswahili pale Kiingereza kinapoziba njia. Tatu, dakhalia na njia za walemavu ziingizwe katika bajeti ya maabara tangu mwanzo, zisingojee fadhila.

Nanyi wazazi, msimwambie binti kuwa hesabu ni za kaka yake. Mkeka wa chuoni ulitutosha sote. Na huu nao hapana budi utandikwe upya, upana wake uwe upana wa nchi.