Ngumi: kwa nini mtu anaitwa bingwa bila kupigana?

Mu ngumi za kulipwa kuko mashirika manne makubwa: WBA, WBC, IBF na WBO. Kila moja iko na mukanda wake, na inapangia bingwa mpinzani wa lazima, ili asijichagulie wazaifu tu.

Shida, kila moja iko na foleni yake. Mwezi wa tano 2024, Oleksandr Usyk alimushinda Tyson Fury, akakusanya mikanda yote minne ya uzito wa juu. IBF ikataka apigane na Daniel Dubois. Yeye alishakubali kurudiana na Fury. Akaachilia mukanda wao. Dubois akaitwa bingwa bila kupanda ulingoni, na Usyk alikuwa amemupiga mwaka 2023! Mwaka 2025 akamupiga tena, akaurudisha.

Ukisikia "bingwa wa dunia", uliza kwanza: alimupiga nani?