Podikasti ya wanafunzi

Podikasti ya wanafunzi ni kipindi cha sauti kinachoandaliwa, kurekodiwa na kuhaririwa na wanafunzi kwa usimamizi wa mwalimu, kama sehemu ya masomo yao. Tofauti na kipindi cha redio, podikasti haihitaji kituo wala masafa, na msikilizaji huifungua wakati anaotaka. Inaweza kuwekwa kwenye intaneti, lakini si lazima: vipindi vingi vya shule husikilizwa darasani, kwenye mkusanyiko wa asubuhi au nyumbani kwa wanafunzi.

Historia

Neno la Kiingereza lililozaa "podikasti" lilionekana katika gazeti la The Guardian la Uingereza mwezi Februari 2004, likiunganisha jina la kifaa cha iPod na neno la utangazaji. Mwaka 2005 wanafunzi wa shule ya msingi ya Willowdale mjini Omaha, Marekani, walikuwa tayari na kipindi chao kilichoitwa Radio WillowWeb.

Nchini Tanzania elimu kwa njia ya sauti ilitangulia intaneti kwa miaka mingi. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 iliwakusanya watu wazima wapatao milioni 2 katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadili afya. Zanzibar, watoto wadogo walifundishwa kwa vipindi vya redio vya Tucheze Tujifunze. Shule zilipofungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya UVIKO-19, masomo yalirushwa kwa redio na televisheni. Katika mifano hiyo yote mwanafunzi alikuwa msikilizaji. Podikasti ya wanafunzi humfanya kuwa mtafutaji wa habari, mwandishi na msemaji.

Nafasi yake katika masomo

Katika shule za serikali za Tanzania, Kiswahili ndiyo lugha ya kufundishia shule ya msingi, na Kiingereza huchukua nafasi hiyo sekondari. Wanafunzi wengi waliokuwa wakijibu maswali kwa Kiswahili hunyamaza wanapofika kidato cha kwanza, kwa kuogopa kukosea mbele ya wenzao. Kurekodi humpa mwanafunzi nafasi ya kujaribu, kujisikiliza, kufuta na kurudia kabla darasa zima halijamsikia.

Podikasti pia huunganisha stadi nne za lugha: mwanafunzi husoma ili kupata habari, huandika muswada, huzungumza na hujisikiliza. Inafaa pia kwa historia, jiografia, sayansi na uraia.

Hatua za kuandaa kipindi

Mwalimu anayeanza hushauriwa kuchagua kipindi kifupi cha dakika 3 hadi 5 na kukiweka ndani ya mada iliyomo tayari kwenye muhtasari wa somo, ili kisiwe mzigo wa ziada.

1. Kusikiliza. Darasa husikiliza kipindi kimoja cha redio na kutaja sehemu zake: salamu, utangulizi, mahojiano na hitimisho.
2. Kugawana kazi. Kikundi cha wanafunzi 5 au 6 huwa na mtafiti, mwandishi, mtangazaji, mrekodi na mhariri. Kazi hizo hubadilishwa katika kipindi kinachofuata, la sivyo mwenye sauti kubwa hubaki mtangazaji daima.
3. Kuandika muswada. Msomaji asiye na haraka husoma takriban maneno 100 kwa dakika. Kwa hiyo kipindi cha dakika 3 huhitaji maneno kama 300. Sentensi huwa fupi kuliko za insha, kwa kuwa msikilizaji hawezi kurudi nyuma kirahisi kama msomaji wa kitabu.
4. Mazoezi. Kikundi husoma muswada kwa sauti bila kurekodi na kurekebisha sehemu zinazokwamisha ulimi.
5. Kurekodi na kuhariri. Makosa makubwa hurudiwa. Kusita kidogo huachwa, kwani ndivyo watu wanavyozungumza.
6. Kusikilizana. Kila kikundi hutaja jambo moja jipya kililojifunza kutoka kwa wenzao na swali moja lililobaki bila jibu.

Vifaa na mazingira

Wanafunzi wa shule za Tanzania kwa kawaida hawaruhusiwi kuwa na simu shuleni, hivyo kifaa kikuu huwa simu ya mwalimu. Simu moja yenye kinasa sauti hutosha darasa zima iwapo vikundi vitarekodi kwa zamu. Kabla ya kuanza, mtandao wa simu huzimwa ili mtu asipige katikati ya kazi. Penye kompyuta, sauti huweza kukatwa na kuunganishwa kwa programu ya bure kama Audacity.

Aina ya faili huamua gharama ya kulituma. Sauti isiyobanwa, ya mkondo mmoja na ubora wa kawaida wa diski, huchukua takriban megabaiti 5 kwa dakika. Ikibanwa kwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hushuka hadi karibu nusu megabaiti kwa dakika, na maneno bado husikika vizuri. Pasipo intaneti, faili huhamishwa kwa kadi ya kumbukumbu au Bluetooth.

Mazingira ya shule nayo hupangiwa. Bulyaga, kata ya mji wa Tukuyu katika Wilaya ya Rungwe, iko katika mojawapo ya maeneo yanayopata mvua nyingi zaidi Tanzania. Mvua inapopiga bati hata sauti ya mwalimu humezwa, sembuse ya mtoto anayerekodiwa. Ratiba ya kurekodi basi hufuata saa na majira yasiyo na mvua. Mwangwi wa chumba kitupu hupungua watu wakikaa karibu na kinasa, au kwa kutundika mablanketi ukutani.

Mada kutoka mazingira ya shule

Kipindi huwa na uzito kinapoleta habari ambayo haimo kitabuni. Wanafunzi wa Rungwe wana kilimo cha chai na ndizi, Ziwa Ngozi lililo ndani ya kasoko ya volkeno, na Daraja la Mungu, daraja la asili juu ya mto Kiwira.

Mfano mzuri ni nyani aitwaye kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliofanya kazi katika eneo la Mlima Rungwe walisikia habari zake kutoka kwa wawindaji wa Kinyakyusa, wakamtafuta msituni na kumwona. Alitangazwa kuwa spishi mpya kwa sayansi mwaka 2005, na mwaka 2006 aliwekwa katika jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus. Wenyeji walikuwa wakimfahamu kabla ya hapo. Kilichokosekana ni mtu wa kuwauliza na kuandika.

Ndiyo maana mahojiano na wazee ni zoezi lenye faida. Mwanafunzi huanza kwa shikamoo, hueleza sababu ya kuja, na huomba ruhusa kabla ya kuwasha kinasa. Swali kama "Je, zamani mvua ilikuwa nyingi?" hupata jibu la "ndiyo" tu, "Mlijuaje kwamba wakati wa kupanda umefika?" hufungua maelezo. Mzee akieleza kwa Kinyakyusa, wanafunzi hutafsiri kwa Kiswahili na kuacha sehemu ya sauti yake isikike.

Usalama na sheria

Sauti iliyokwisha kusambaa haiwezi kurudishwa. Kwa hiyo kipindi cha darasani hutenganishwa na kipindi cha hadharani, na idhini ya maandishi ya mzazi au mlezi hupatikana kabla ya kusambaza sauti ya mtoto. Jina kamili, mahali anapoishi na habari za ugonjwa au migogoro ya nyumbani huondolewa, hata kama mtoto mwenyewe amezitaja.

Tanzania ilipitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi mwaka 2022. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018, zilizobadilishwa mwaka 2020 na kurekebishwa mwaka 2022, ziliweka masharti ya leseni kwa baadhi ya wachapishaji. Shule inayotaka kuweka vipindi kwenye intaneti huanza kwa uongozi wake na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania.

Tathmini

Alama hutolewa kwa usahihi wa habari, mpangilio wa muswada, usikivu wa maneno na ushirikiano wa kikundi. Ubora wa kinasa na lafudhi ya mwanafunzi havihesabiwi. Mhariri na mtafiti, ambao sauti zao hazisikiki kipindini, hupimwa kwa muswada na maswali waliyoandika.